Kilo Kumi na Nne Hadi Bereko

Jumapili, 13 Julai 2025

Siku nne zimebaki. Nimelia kidogo asubuhi, nimenawa, nimekwenda kanisani. Kaka yangu Anselmi amepiga simu tena kutoka Kibaya. Mwisho wa mwezi, kama bado sina kazi, anakuja kumchukua binti yangu Hope akaishi kwake. Anasema kwa upole, hana kosa, na ndiyo maana inauma. Mtoto wa miaka tisa hali ndoto za mama yake.

Jaribio la kazi la Alhamisi ni la pili na la mwisho. Kuongoza watalii kwa baiskeli! Mwezi wa tano nilishindwa kwa ujinga wangu: sufuria mbili, khanga nne, blanketi zito, vyote nyuma kwenye keria. Mlimani gurudumu la mbele likawa linainuka. Waliokuwa wanavuna walicheka mpaka wakakaa chini.

Jumatatu, 14 Julai

Kaka Silau, kiongozi wetu wa jaribio, amepita kukagua baiskeli. Mtu wa Simanjiro, hana maneno mengi. Kizito kikae chini, karibu na ekseli, kushoto na kulia vilingane. Juu ya keria kisikae kitu. Nguo mbili — moja mwilini, moja mfukoni. Kila kitu ndani ya nailoni hata kama hakuna mvua, maana vumbi la huku linaingia mpaka kwenye chumvi. Tyubu mbili za akiba, siyo moja. Njiti za akiba za gurudumu uzifunge kwenye fremu.

Halafu: mzigo wote usizidi kilo kumi na nne. Unapimwa mkiondoka, unapimwa jioni mkifika. Ukizidi, umetoka. Tulikuwa watano pale, akanitazama mimi tu!

Na la mwisho: usimwambie mtu yeyote unasafiri lini.

Jumanne, 15 Julai

Mosi wa buchani kaniruhusu nitumie mizani yake. Kumi na sita na nusu! Nimetoa viatu, kioo, taulo. Kumi na tano. Nimetoa kitabu cha nyimbo na sabuni ya mche, nikabakiza kipande. Kumi na nne kasoro kidogo. Hope amechukua kisu akakata mpini wa mswaki wangu. Kumi na tatu na nusu, anasema ni kwa sababu ya mswaki. Nimecheka.

Jumatano, 16 Julai

Nimeropoka. Mama Valence mwenye nyumba kaniuliza mbona naosha baiskeli. Nikasema Bereko. Akapiga makofi! Dada yake, Bibi Rogathe, kaolewa huko. Hapa kwetu ukisema unasafiri umeshakuwa lori la mizigo. Nimejifungia ndani. Labda atasahau.

Alhamisi, 17 Julai

Hakusahau.

Mizani ya asubuhi: kumi na tatu na nusu! Silau akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hatujamaliza nyumba za Bagara, huyo Mama Valence kando ya barabara, na ndoo ya lita kumi yenye mfuniko. Perege wakavu wa ziwani. Wepesi tu hawa, Mama Hope, mfikishie dada yangu. Wepesi! Kilo nne bila aibu. Ningesema nini? Nilipolazwa mwezi wa tatu ndiye aliyempikia Hope siku kumi na moja. Nimetoa shikamoo, kabla ya marahaba ndoo imeshafungwa kwa mipira. Juu ya keria!

Wenzangu walikuwa mbele, Silau hakuona. Nikajipa moyo: nitaifikisha kwanza kwa Bibi Rogathe, ndipo niende kwenye mizani saa kumi na mbili. Nilijiona mjanja.

Mlimani njiti ya nyuma ikakatika. Nikabadilisha. Ya pili. Ya tatu. Akiba imekwisha na rimu bado inacheza. Nimeisukuma baiskeli kwa miguu, nalia waziwazi, malori yananipigia honi. Ee Mungu, mimi nimekukosea nini?

Saa kumi na moja na robo — Bereko! Naandika hapa uani kwa Bibi Rogathe, kwenye kigoda. (Daftari hili nalo lina uzito. Silau alisema niliache.) Bibi amepokea perege, amecheka, amefuta machozi, kanipa maziwa. Kwenye mizani ni robo saa tu. Nimeomba ruhusa.

"Ngoja mwanangu. Ndoo ya watu hairudi tupu."

Nimemwambia nitaipitia Jumamosi tukirudi. Anasema kesho alfajiri anakwenda Singida kwa mwanawe, nyumba inafungwa. Ametoa gunia la karanga mpya. Anamimina kwa kopo. Anagonga ndoo ubavuni zishuke, apate kuongeza.

Saa kumi na moja na nusu. Kilo sita, labda saba. Ninajua la kusema: bibi, nikibeba hizi nitampoteza mwanangu. Ni hilo tu. Nimefungua mdomo.

Akageuka na kopo mkononi. "Dada aliniambia kwenye simu una binti, Hope. Mwambie hizi ni zake, kutoka kwa bibi yake wa Bereko."

Sema, Antonia! Sema sasa!

Nimesema asante. Ananiita nikamshikie mfuniko.