Mzazi Afike Shuleni

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Barua ya tatu imeondoka leo. "Mzazi afike shuleni bila kukosa." Nimepiga mstari chini ya bila kukosa. Mbili za kwanza hazikujibiwa.

Mwanafunzi ni Lina Nasri, kidato cha nne. Tangu katikati ya Julai anatoweka mara mbili kwa wiki, ikifika saa nne hayupo. Akiulizwa, kichwa chini. Wala si mkorofi — kwenye hisabati anaongoza darasa. Mkuu wa shule, Mwalimu Edgar, kasema mzazi asipofika Ijumaa mbele ya kamati ya nidhamu, Lina asimamishwe masomo mpaka afike. Mtihani wa taifa ni Novemba.

Kwenye faili nimeandika: Mzazi hana ushirikiano. Sentensi hii naiandika sana. Ningechonga mhuri wake ningeokoa wino.

Mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha kwa sababu nilichelewa kikao cha Januari. Nilipofika, michezo na taaluma zilishapata wenyewe. Nikapewa semina ya siku mbili, cheti, na chumba kilichokuwa stoo ya jezi. Bado kinanuka jezi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata njia! Nimefukua fomu ya Lina ya kidato cha kwanza. Baba: Nasri, anaishi Maskati. Mtu wa dharura: Saud, ami yake, duka la vitambaa.

Nimempigia. Mtu mstaarabu, salamu ndefu. Nikamweleza kwamba mtoto anatoroka, mama haitiki wito, kamati Ijumaa saa nne. Akasema hali ya nyumbani bila shaka naijua. Nikasema naijua. (Siijui.) Akasema nimefanya la maana, atakuja yeye mwenyewe.

Kazi imekwisha. Chai na chapati mbili, kujipongeza.

Jumatano, 13 Agosti

Lina kaja mwenyewe, sijamwita. Kakaa ukingoni mwa kiti.

Baba yake amefariki. Julai, huko huko Maskati, na kazikwa huko. Mama yuko edani, hatoki. Kwa hiyo kila cha nje ni Lina: sokoni Mgandini, gesi, luku ya umeme, dawa za mdogo wake mwenye pumu. Nikamuuliza kwa nini hakusema, siku zote hizi.

"Mkijua, mtamwita ami."

Na ami akiitwa? Ami anataka aache shule akae na mama yake. Ati mama mwenye eda haachwi peke yake, na mtihani upo hata mwakani. Mama hataki. Lina ndiyo kabisa hataki. "Mwakani nitakuwa nimeshatafutiwa jambo jingine, mwalimu. Naomba tu asiitwe."

Nikasema: haya.

Haya! Nilikuwa nimeshampigia, sikumwambia. Nilipaswa kukiri, nikatoa "haya" badala yake. Naona aibu.

Mchana nikamweleza Mwalimu Harusi, wa Kiswahili. Kacheka mpaka kashika meza.

"We Noa, mke wa watu yumo edani unamwandikia aje shule? Bila kukosa?"

Nikajitetea kwamba sikujua. Kwetu Amani mke akifiwa na mume anavaa nyeusi, lakini Jumapili kanisani anaonekana.

"Kuuliza si ujinga," kasema. Kisha akahesabu kwa vidole: miezi minne na siku kumi. Mama Lina atatoka Novemba ikiwa inaelekea ukingoni. Mtihani utakuwa umeshaanza. Akaacha kucheka.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumekwenda Usagara, nyumbani kwa kina Lina, baada ya vipindi, mimi na Harusi. Harusi kaingia ndani. Mimi, mwanamume, nimewekewa kiti ukumbini, mbele yangu pazia la maua ya zambarau. Nimezungumza na maua hayo nusu saa.

Mama Lina alikuwa akisema taratibu nyuma ya pazia. Lina kasimama mlangoni. Mama akasema barua zangu zote kazijibu, ya kwanza mpaka hii ya Jumatatu, je, majibu hayakunifika? Lina akatazama mkeka. Alikuwa akiyachana njiani. Yalitaja eda, na eda ingemtaja ami.

Mama hakumgombeza. Akasema, na hili nalinakili kama lilivyo:

"Mwalimu, mie ndiye wa kukaa ndani. Eda ni yangu, si ya mwanangu."

Akaomba karatasi. Harusi akampelekea. Kaandika kwamba yeye ndiye mzazi, anataka Lina asome na afanye mtihani, na sokoni kuanzia sasa atakwenda jirani. Kasaini. Mwandiko mzuri kuliko wangu.

Hapo ndipo pa kusema: ami nimemwita mimi. Lina alinisindikiza mpaka nje, akasema shukrani, mwalimu, Mungu akuzidishie. Nikasema amina. Nikaondoka.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa sita na nusu. Kamati imesimama kwa ajili ya swala. Naandika hapa stoo.

Ami Saud alifika saa nne kamili, kanzu imenyooka. Mkuu alifurahi — mzazi, hatimaye! Lina alimwona akaganda.

Si mtu mbaya. Aliongea kwa huruma, sauti ikakatika alipomtaja marehemu ndugu yake. Anaomba mtoto apumzike mwaka huu, ampe mama yake faraja. Mkuu alikuwa ameshafungua kalamu. Mlezi kaomba mwenyewe, nini tena?

Nikatoa barua ya mama. Mkuu akaisoma mara mbili. Akasema utaratibu ni mzazi afike, na aliyefika ni huyu. Harusi, niliyekuja naye, akasema aliiona ikiandikwa. Ami akanigeukia, kwa adabu, ameshangaa kweli:

"Lakini mwalimu, si wewe uliyenipigia Jumanne nije?"

Lina hakumtazama ami. Alinitazama mimi.

Mkuu kaahirisha mpaka saa nane, ami arudi kutoka msikitini. Anataka mapendekezo yangu kwa maandishi, ndiyo atakayoyafuata. Fomu iko mbele yangu. "Maoni ya mshauri", mistari mitatu.

Saa saba na robo. Lina yuko nje kwenye benchi. Nimemwita aingie tuandike pamoja. Hakuinuka.

"Andika tu, mwalimu. Mbona kumwita hukuniuliza?"

Saa saba na nusu. Nimeandika mstari mmoja: Mzazi ametoa ushirikiano wote. Imebaki miwili. Nachukua fomu na kalamu, natoka kwenye benchi. Akikataa kusogea nitakaa chini, kwenye sakafu, na miwili hiyo ataisema yeye.