Makaburi ya Montrelle

Jumatatu, 6 Oktoba
Ndiyo, nilisema mji wa Montrelle naujua. Ningesema nini? Siku ya kujitambulisha ukweni, baba yake Furaha, mchumba wangu, aliniuliza mbele ya wazee nilipitia wapi kufika Amerika. Nikasema nilikaa Ufaransa miaka miwili. Ukweli ni masaa mawili, nikingoja ndege. Mzee akauliza, "Montrelle unaijua? Kaka yangu amezikwa pale." Mimi nauza ndagala, samaki wadogo wakavu, kwa buti ya gari hapa Columbia Heights. Mteja akiuliza kitu, sijazoea kusema hakuna.
Mzee alilia.
Leo Furaha amenipigia. Mjane wa huyo kaka anakuja Jumamosi. Kutoka Montrelle kwenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba
Niko nasoma mji kwa telefone. Shule niliacha darasa la tano, leo nafanya mtihani wa Ufaransa. Mji mdogo, kilimani. Mto unauzunguka kama mkono umekumbatia sufuria. Zamani walitengeneza ngozi. Daraja la mawe lilivunjwa kwenye vita, wakajenga tena. Kanisa, makaburi nyuma yake. Picha ya zamani sana. Picha ni picha.


Ijumaa, 10 Oktoba
Nilipeleka ndagala mji wa Anoka. Nikasimama mtoni, nikafanya mazoezi kwa sauti: daraja hapa, kanisa pale. Mzungu mwenye mbwa akavuka barabara.
Naogopa. Si kumkosa Furaha tu. Nimemuuzia mzee kaburi ambalo sijaliona.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mezani kwa mzee nilisema yote, daraja mpaka makaburi nyuma ya kanisa. Mzee akafunga macho. Mjane anatafuna tu, polepole.
Nikapeleka sahani jikoni. Mjane akanifuata.
"Mukwe, nyuma ya kanisa ni parking. Makaburi yalihamishwa ng'ambo ya mto zamani, mimi na wewe hatujazaliwa. Mume wangu yuko huko, karibu na uwanja wa mpira. Umwambie mzee hiyo. Lakini anza na ile nyingine, kwamba hujafika kule."
Nikaaga, nikaenda kwa gari.

Jumapili, 12 Oktoba
Baridi. Niko ndani ya gari, nje kwa mzee. Namwona dirishani, anafunga tai ya kanisa.
Daftari, tupatane. Nashuka sasa, namwambia masaa mawili, telefone, mto wa Anoka, yote. Akinifukuza, kurasa zilizobaki ni zako, nitazijaza mpaka uchoke. Akinikaribisha, nampa akusome mwenyewe, na wewe usinifiche chochote.
Umenyamaza. Sokoni, aliyenyamaza amekubali.