Kanzu kwa Vipimo vya Baba

Kaka Mkasi,

Assalaam aleikum, wewe na mikono yako inayokata kitambaa kabla mteja hajamaliza kusema anataka nini. U hali gani? Goti la mama je, bado lamsumbua akipanda ngazi? Na mwanao Swaleh, bado yuwalala na viatu vya Idi chini ya mto? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila Ramadhani ya huku Lisbon ina upweke wake. Nafuturu kwa tende na supu ya kopo, adhana naisikiliza kwenye simu. Jana nilijaribu kukaanga kaimati. Zimetoka ngumu, hata kuzitupa dirishani naogopa, zisije zikampasua mtu kichwa.

Najua umekasirika. Juzi nilikwandikia: "Zima kompyuta ya dukani, usiiguse, andika wateja kwenye daftari la karatasi." Ukaniuliza kwa nini. Kisha ukanitumia sauti: "Wewe injinia bila cheti, Idi hii hapa, watu wamejaa mpaka barazani, wanizimia kompyuta wanipa kalamu?" Na nyuma ya sauti yako nikamsikia mama, "Ni Faizi huyo? Asemaje?" Ndiyo maana sikujibu. Simu yako waifungua sauti mpaka jirani asikia. Barua pepe wazisoma wewe peke yako, basi hii isome kwenye simu, dukani, mashine zikiwa zimenyamaza.

Tangu juzi kichwa changu kiko hapo tu. Nayasikia mapasi ya mvuke, nasikia harufu ya udi kutoka duka la pili, na naisikia sauti ya baba akiita vipimo kama yuwanadi mnadani: "Urefu hamsini na sita, bega kumi na nane na nusu, mkono ishirini na tatu," na wewe waandika mbio kwa penseli yako ya sikioni. Na mimi chini ya meza ya kukatia, na kompyuta ile kuukuu mjomba aliyoitoa ofisini kwao Kilindini, hiyo hiyo ya dukani sasa, naangalia video za mikutano ya watengenezaji programu. Video yakwama, natoka nje kutafuta mtandao, narudi. Huko ndiko nilikosoma, Mkasi. Chuo changu kilikuwa na vipande vya uzi sakafuni.

Wakumbuka baba alivyoinama siku ile kuchungulia?

"Hawa wazungu waongea nini mpaka wapigiwa makofi?"

"Waeleza jinsi ya kupanga databesi, baba. Daftari la ndani ya kompyuta."

"Daftari? Wapigiwa makofi kwa daftari? Basi huyu kakako Omar hapa, na daftari lake la vipimo, angelibebwa mabegani."

Sasa na mimi nimekaa kwenye ukumbi kama ule. Wiki hii kazini kwangu hapa Lisbon wamenipeleka mkutanoni, siku tatu, watu wa kila rangi wamevaa vitambulisho shingoni. Siku ya kwanza sikutulia kitini, wallahi. Naruka chumba hadi chumba, naandika mpaka mkono wauma, kila nikisikia kitu kipya nataka kukwambia. Mchana wenzangu wakienda kula mimi nazunguka mtaani, mawe na vichochoro na nguo zimeanikwa madirishani, nikikunja kona nadhani nitatokea mtaani kwetu Makadara. Sitokei.

Siku ya pili akapanda jukwaani mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, kama yule mwalimu wetu wa hesabu wa Tononoka. Akasema kosa kubwa kwenye databesi ni kuandika juu ya kilichokwisha kuandikwa. Kitu kikibadilika usikifute, ongeza mstari mpya, weka tarehe, wa zamani uache ulale pale pale. Halafu akauliza, "Nani hapa amewahi kuiambia databesi imtambue mtu kwa jina lake peke yake?" Ukumbi mzima ukacheka. Hakuna aliyeinua mkono. Mimi mikono nimeikalia.

Kwa sababu ile picha ya kompyuta uliyonitumia wiki iliyopita ilikuwa mfukoni mwangu, kwenye simu. Mama alikwambia anataka kanzu ya vipimo vya marehemu baba, aitoe sadaka Idi hii kwa mzee wa kimo chake pale msikitini, na kila Idi inshallah. Ukafungua programu niliyowatengenezea, ukatafuta Swaleh Omar Swaleh, ukapata urefu inchi thelathini na mbili. Ukanitumia, na maneno: "Programu yako imemrudisha baba chekechea." Ulicheka. Nikakwambia nitaangalia. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, nikaogopa kuangalia.

Sikiza. Baba ni Swaleh bin Omar bin Swaleh. Wewe ni Omar. Mwanao ukampa jina la babu yake, kama watu wote mtaani kwetu. Basi babu na mjukuu majina matatu yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kila mtu hapo nyumbani alijua, na mimi nilijua, na bado niliketi chini ya ile meza nikaiambia programu: mteja ni majina yake matatu, na ukiletewa mtu ambaye yumo tayari, toa vipimo vya zamani, weka vipya. Mbinu hiyo niliitoa kwenye video, nikajiona bingwa. Mwezi uliopita ulimpima Swaleh mdogo kanzu yake ya kwanza ya kushonwa, ukaandika jina. Programu ikamtoa babu, ikamkalisha mjukuu.

Utasema, nakala je? Nakala ipo. Kila Ijumaa yajinakili yenyewe, na nimeipa jina moja kila wiki, mpya juu ya ya zamani. Kosa lile lile, nimelifanya mara mbili.

Na madaftari ya karatasi wajua yalikokwenda. Nilimpelekea muuza bajia afungie bajia zake, kwa mkono wangu, najisifu njia nzima. Baba alisimama mlangoni akaniuliza tu, "Na umeme ukikatika?" Nikamwambia, "Nina nakala, baba."

Kanzu zake ndizo hivyo tena, mama alizitoa zote sadaka baada ya arobaini yake, na wewe ndiye uliyezibeba.

Yale madaftari hata hivyo hayakuwa na yeye. Maisha yake yote amepima watu, yeye hajapimwa. Wakumbuka siku ya kwanza ya programu? Nilitaka mteja wa kujaribia, na aliyekuwa karibu ni yeye. Ukamzungushia tepu, yuwacheka, asema wamtekenya. Ulipofika mabegani ukapima, ukapima tena, ukaniambia, "Andika, bega la kushoto limeshuka." Na kiasi ukakitaja. Baba akajiangalia kwenye kioo. "Hii ni kazi ya cherehani," akasema. "Miaka yote nimeiinamia upande mmoja." Mteja wetu wa kwanza alikuwa yeye, Mkasi. Nilimwandika kwa vidole vyangu, na kiasi kile sikikumbuki. Nusu inchi? Robo tatu? Wewe wasema urefu waujua. Bega je?

Watu walipotoka ukumbini nilimngoja yule mama wa miwani mlangoni. Nikamwambia yote, mpaka habari ya Idi. Hakucheka. Akaniuliza, "Tangu mtoto aandikwe, wameandikwa wateja wangapi?" Nikamwambia wengi, ni msimu. Akasema databesi ya aina ile ikifuta mstari haiupangusi papo hapo. Yauacha, yahesabu mahali pale pako wazi, mpaka aje mtu mwingine apakalie. "Kila mteja mpya mnayemwandika," akasema, "huenda ndiye atakayekalia kiti cha baba yako."

Hapo ndipo nilipotoka mbio nje kukutumia ule ujumbe. Sikuwa nakufanyia ujuvi. Huenda baba bado yumo mle ndani ya ile kompyuta, na bega lake. Huenda ameshakaliwa. Sijui.

Basi nivumilie mpaka Jumapili. Naandika kijiprogramu cha kuchambua faili na kutafuta mistari iliyofutwa, nimekijaribu kwenye faili la uongo, mara moja kimekubali, mara moja kimekataa. Jumapili baada ya futari tutawasha pamoja, wewe kwenye simu, nichukue faili lote lilivyo kabla halijaguswa. Mpaka hapo, penseli sikioni. Cheka utakavyo. Mimi niliyeyapeleka madaftari kwa muuza bajia ndiye ninayekuomba ukanunue daftari.

Nisalimie shemeji, mwambie mbaazi zake nazipikia kichwani kila magharibi. Shangazi wa Tononoka mpe mkono, na mjomba wa Kilindini mwambie ile kompyuta yake kuukuu sasa ina kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kupata. Swaleh mdogo mbusu, hana kosa.

Mama sijui nimsalimie vipi. Wasema kitambaa amekichagua mwenyewe, na kila jioni auliza kanzu imefika wapi. Ungeweza kuishona kwa kukisia na tukanyamaza, lakini wewe wajua alivyokuwa akimsimamisha baba mlangoni kila Ijumaa, amvuta kanzu begani, ampiga kofi dogo, ndipo amwache aende msikitini. Atalijua lile bega akiishika tu. Na hapa ninapoandika ndipo linanijia: huenda kipimo anacho yeye, mikononi, na hakihitaji kompyuta wala Jumapili. Lakini nikimuuliza bega la baba lilishuka kiasi gani, nimeshamwambia kwamba nimelipoteza.

Ungekuwa wewe ndiye mimi, Mkasi, ungemuuliza?

Mdogo wako wa chini ya meza,
Faizi