Uso Unaoukalia

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umetoka zamu salama, na mgongo umeacha kukusumbua na hizo cherehani za kiwanda. Sisi huku miili ni mizima. Nimejaribu kukupigia simu, lakini kila nikibonyeza namba yako nakata, naogopa nitalia kabla hujaitikia. Kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Unajua mwaka huu mwanao Chiriku yuko darasani kwangu. Tangu umwache kwa mama nilikuwa najisifu kwamba yuko mahali salama. Kila Jumapili nikipita nakuta nyumba imefagiliwa, mama ananitania kwamba nimenenepa kwa mshahara wa chaki, nakunywa chai, naondoka zangu. Niliona tu kwamba mtoto amepunguza maneno, yule uliyekuwa unambembeleza anyamaze angalau ale. Nikasema amekukumbuka wewe.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye maumbo yenye ujazo. Niliwaambia watoto walete maboksi kutoka nyumbani, ya viatu, ya sabuni, tuyapapase: huu uso, huu ukingo, hii pembe. Ubaoni somo hili haliingii, mtoto anaona mraba uliopinda tu. Kisha wakachora. Wote walichora boksi kwa nje, wengine kama kibanda kilichoanguka. Chiriku alichora mraba mdogo ndani ya mkubwa, akaunganisha pembe kwa mistari. Nikamwambia amechora boksi lililo wazi, likitazamwa kutoka juu. Akakataa. Akasema limefunikwa, na yeye yuko ndani.

Nikamtania kwamba amegeuka panya. Nikamwuliza, haya, lina nyuso ngapi?

"Sita, mwalimu," akajibu. "Lakini tano unazigusa kwa mkono. Mmoja unaukalia."

Darasa likacheka.

Wakati wa mapumziko nilimwita pembeni. Alieleza bila kulia, kama anayenisomea ratiba. Mama akienda sokoni humwingiza kwenye lile kasha la mablanketi, hufunika, huweka gunia la mkaa juu, ili watu wasimwibe. Hewa inapita kwenye tundu la kitasa kilichong'oka. Siku nyingine anarudi mapema. Siku nyingine anarudi, anapika, anakula, na hakumbuki kama kuna mtu. Mara ya mwisho alifungua akitafuta blanketi, akamwona mtoto, akapiga kelele za mwizi.

Dada, mama si mkatili. Usimchukie, nakuomba. Nilipomwuliza alinitazama hana hili wala lile, akasema mtoto uliondoka naye. Daktari amesema ni ubongo, umekuwa ukichakaa polepole, na hautarudi ulivyokuwa. Na mimi nilikuwa natazama sakafu iliyofagiliwa. Mwalimu mzima! Nina hasira na nafsi yangu.

Nimewahamishia wote wawili kwangu. Chiriku analala na taa inawaka, ila ameanza tena kubishana, na mimi nashukuru kila anaponibishia. Shida ni mama. Juzi alitoka nikiwa shuleni, fundi baiskeli akamkuta katikati ya barabara kuu anamwita Chiriku, malori yanampigia honi. Mke sina, majirani wote wanashinda kazini. Yamenifika shingoni.

Sasa nikuambie lililonishikisha kalamu. Tangu siku ile, nikitoka asubuhi na mtoto, namfungia mama ndani kwa kufuli. Namwachia chai na mkate, natia ufunguo mfukoni, nakwenda kufundisha watoto wa watu. Leo tulipokuwa tunaondoka alikuja dirishani, akashika nondo, akaniuliza kwa upole, "Baba, nimekosa nini?"

Chiriku ndiye aliyerudi dirishani, akamshika vidole.

"Hujakosa kitu, bibi," akamwambia. "Hesabu pembe. Ukimaliza, anza tena."

Omba ruhusa uje, dada. Wakikunyima, njoo hivyo hivyo. Mwanao anakusalimu sana. Mama naye anakusalimu; jana alikutaja kwa jina lako la utotoni. Wasalimie wenzako wa chumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu