Leo ya Mama

Jumatano, 8 Aprili

Mama ameruhusiwa. Daktari alinivuta pembeni kwenye korido akaniambia moyo umechoka, nimpeleke tu nyumbani, asipande ngazi, asichokozwe. Asichokozwe! Daktari hamjui. Mchokozi ni Mama mwenyewe.

Nimempa chumba cha mbele, kitanda karibu na dirisha, redio karibu na mkono. Kabla hata sijamvua viatu akataka nimsomee vipindi vyote alivyokosa akiwa wodini. "Siku Kama ya Leo", kipindi cha redio cha dakika mbili, mwaka wa tisa huu nakiandika mimi: nani alizaliwa, nani alipinduliwa, meli gani ilizama wapi. Nikasoma mpaka koo likakauka. Akasema:

"Wafalme wa watu wote umewasoma. Wa kwetu lini?"

Wa kwetu ni Baba. Fundi boila, kiwanda cha karatasi, zamu ya usiku. Boila ilipasuka mimi bado natambaa, wakafa wanaume kumi na mmoja. Kila mwaka tarehe 15 Aprili Mama hukaa kimya siku nzima, na mimi humwacha. Hajawahi kuniomba kitu hiki. Leo ameomba, kwa sauti ile ile anayoombea maji ya kunywa. Nimeogopa. Watu hawaombi hivyo bila sababu.

Nikasema nitajaribu. Akasema kujaribu ni kwa viatu.

Ijumaa, 10 Aprili

Kwanza aibu ya jana. Mama alimwalika jirani aje kumwona "usiku wa Ijumaa". Mimi nikajipanga kwa leo. Jirani huyo hapo, jana Alhamisi, jua limezama tu! Nyumbani hakuna hata sukari. Kumbe kwa hawa wazee usiku hutangulia mchana wake: jua la Alhamisi likizama, Ijumaa imeingia. Wakanicheka wote wawili. Msomi wa tarehe, eti.

Sasa la kazini. Nimeingia kwa mkuu wa vipindi. Tarehe 15 ni siku ya kuzaliwa ya redio yetu — keki, hotuba, vipaza sauti uwanjani. Mgeni rasmi ni meneja wa kiwanda cha karatasi. Kile kile! Kimebadilisha rangi ya ukuta tu.

Alinisikiliza, siwezi kumsingizia. Akasema siku ya furaha haichanganywi na matanga. Nikamwambia hawakuchagua siku ya kufa. Akachezea kalamu. Akauliza ilikuwa saa ngapi. Saa tano usiku, nikasema. Uso ukamng'aa: saa tano usiku ni kabla ya saa sita, basi hiyo bado ni tarehe 14!

"Soma Jumanne, muda wowote," akasema. "Lakini Jumatano nisisikie hata harufu ya moshi."

Nimepita maktaba. Gazeti la wakati ule nalo linasema 14. Mkuu ana haki, kwa saa ya ukutani. Nimetoka nimefurahi kama mjinga.

Jumapili, 12 Aprili

Nimeandika mezani jikoni, Mama amelala.

Tarehe hizi mbili, 14 na 15, zina jambo. Rais Lincoln alipigwa risasi usiku wa 14 akitazama mchezo jukwaani, akakata roho asubuhi ya 15. Titanic iligonga barafu 14 usiku, ikazama 15 alfajiri haijafika. Watu hawaachi kubishana waitie tarehe ipi. Na Leonardo, yule mchoraji wa Italia: babu yake aliandika kwamba mjukuu amezaliwa tarehe 15, saa tatu za usiku. Wengine wanasema kule kwao siku ilihesabiwa tangu jua kuzama. Yaani babu yule angekuja kwetu Alhamisi na jirani, angejua siku!

Kumi na mmoja kwa dakika mbili. Nimefuta meli. Imesomwa kila mwaka, haitazama zaidi ya pale. Nimefuta na mchoraji. Rais nimembakiza sentensi moja, kipindi kisije kikaonekana tangazo la msiba.

Majina nimeyaacha kama gazeti lilivyoyapanga. Baba wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyepatikana mwisho. Nilitaka kumpandisha juu, nikaona haya. Kila mmoja hapo ni baba wa mtu, au mtoto wa mtu. Ila nina hofu moja. Mtambo wa matangazo hukata wenyewe dakika mbili zikitimia. Haujui mtu.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemwambia Mama. Nilidhani atanishika mkono. Nilikuwa nimeshaandaa na la kujibu.

Akauliza lini. Kesho asubuhi, nikasema, tarehe 14. Akakaa kitandani wima, bila msaada.

"Tarehe kumi na nne baba yako alikuwa hai. Alikula mchana hapa. Alinitengenezea kitasa cha mlango ule. Alitoka kwenda zamu magharibi imeshaingia, siku imeshageuka. Usiniulie mtu kabla ya siku yake."

Nikaanza kumweleza mambo ya saa sita usiku. Nikajisikia nikiongea, nikajichukia. Asichokozwe, alisema daktari.

Nikatoka kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nimelia, naandika hapa wazi, nimelia kwa hasira. Kwa nani sijui. Siku ile moja, ya mwisho Baba akiwa hai, ndiyo mali Mama aliyobaki nayo, na mimi binti yake nimekuja kuichukua ili keki ya watu isiingie moshi.

Kitasa bado kinafanya kazi. Nimekijaribu.

Jumanne, 14 Aprili, mchana

Nimelipata! Nilikuwa napiga mswaki, nikabaki na povu mdomoni.

Mkuu alisema muda wowote Jumanne. Sawa. Asubuhi nimewapa rais, meli na mchoraji, kila kitu shwari. Kisha nikaenda kwa mtangazaji wa jioni — tunamwita Taratibu, huyo akisema "habari za jioni" unaweza kwenda dukani ukarudi. Nikamwomba asome karatasi yangu baada ya taarifa ya saa moja. Jua litakuwa limezama. Kwa mkuu, Jumanne. Kwa Mama, kumi na tano.

Tarehe nimeifuta kwenye karatasi. Nimebakiza "siku kama ya leo". Kila mtu na leo yake.

Taratibu akasoma mara mbili. Akauliza kama mkuu anajua. Nikarudia maneno ya mkuu vilevile. Akatazama dirishani, akauliza hiyo saa moja ni Jumanne ya nani. Akacheka bila sauti: naye alilelewa na bibi yake. Nikamsihi asome upesi kidogo, mtambo utakata. Akasema majina ya marehemu hayakimbizwi. Mungu wangu. Nilifanya vizuri kweli kumchagua huyu?

Jumanne, 14 Aprili. Au Jumatano, 15, ukimuuliza Mama

Jua limezama. Amevaa gauni lake la kutokea, amekaa kwenye kiti, si kitandani. Sikumwambia ajipambe. Nilimwambia tu: leo, Mama. Akatazama nje kwanza, akahakikisha giza, ndipo akaitikia.

Naandika hapa hapa pembeni yake, mikono yangu haina kazi nyingine.

Taarifa imekwisha. Rais amepita. Taratibu: "Siku kama ya leo, kiwanda cha karatasi…" Ameanza majina.

Kila jina Mama analipokea kwa mnong'ono. Huyu alikuwa msukuma magogo. Huyu ana mapacha. Huyu alikuwa mlevi, lakini mwema. Sikujua kama anawajua wote. Miaka yote hii alikuwa nao wote.

Simu inatetemeka mezani. Mkuu. Siipokei.

La sita. Taratibu anapumzika kati ya jina na jina kama yuko makaburini. Natazama saa ya ukutani — dakika na nusu imekwisha pita. Soma, ndugu yangu, soma!

Simu tena. Nimeigeuza kifudifudi.

La nane. Mpishi wa kantini. La tisa, mdogo wake huyo mpishi. Mama ameinama kwenye redio, sikio karibu kugusa.

La kumi. Taratibu amevuta pumzi, limebaki la Baba. Mama ameushika mkono wangu wa kalamu na—