Mabeseni Mbele ya Duka

Mlandege, Unguja
9 Februari 2025

Dada yangu Tahiya,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Wete, wewe na shemegi na watoto. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, na sasa anakwenda na mkongojo wake mpaka uani bila ya kushikwa.

Uliniuliza juu ya barabara yetu. Ni kweli, inatengenezwa. Gari haziegeshwi tena upande wa maduka, njia ya miguu imepanuliwa, pembeni yake imetengwa njia ya baskeli, na penye kivuko pamewekwa tuta. Sisi wenye maduka hatuna ruhusa ya kutoa bidhaa nje ya kizingiti. Mwanzo tulipinga sana. Mimi ndiye niliyepita duka kwa duka kukusanya saini, maana mabeseni yangu yakikaa nje ndipo watu huyaona.

Mwezi wa Novemba tuliitwa mkutanoni skuli. Bwana Azim, muuza vitambaa, alisema kwa niaba yetu kwamba wanunuzi watatukimbia. Bi Maisara, mhandisi wa mradi, hakubishana naye. Alitusomea orodha ya walioumia mwaka ule, na pahala walipoumia. Mwanafunzi wa baskeli, hapo penye kona. Mbeba mizigo, karibu na kivuko. Kisha akasoma: mama wa miaka sitini na minane, ameshuka barabarani kwa sababu njia imezibwa na mabeseni, amegongwa na pikipiki, nyonga imevunjika. Jina hakulitaja. Wenzangu waliinama.

Dada, yule ni mama. Nilikwambia aligongwa akivuka barabara Darajani, na kwamba Hija, yule mwenye pikipiki, alikuwa akienda mbio. Nilikudanganya. Mama alikuwa ananiletea chakula cha mchana. Nilimwona akifika, nikamwona anatafuta pa kupita, akakosa, akashuka. Nilikuwa na mteja, sikunyanyuka. Hija alijaribu kumkwepa, naye akaanguka.

Hospitali mama alinishika mkono akanambia, "Sema nlikuwa navuka. Tahiya asije akakukasirikia." Nikasema hivyo. Wewe ukampigia simu Hija ukamtolea maneno mazito. Kila Ijumaa alikuja kumjulia hali mama, nami nikimrejesha mlangoni. Na baada ya yote hayo nikazunguka na karatasi ya saini.

Siku ile mkutanoni nilisimama nikasema mabeseni ni yangu na mama ni wangu, na kwamba jina langu walifute. Bwana Azim hasemi nami mpaka leo. Jioni nikenda kwa Hija kumtaka radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hana kinyongo na mimi, ila anataka wewe ujue.

Basi umejua. Ningeweza kukwambia kwa simu, lakini niliogopa ungenikatiza kwa huruma. Nikasirikie utakavyo, ni haki yako. Ninachokuomba ni umpigie Hija. Namba yake nimeiandika tena nyuma ya karatasi hii. Mama usimlaumu, alifanya kwa mapenzi.

Nisalimie shemegi, na wanangu wote wabusu mmoja mmoja. Mama anakuombea dua kila sala.

Ndugu yako,
Ubwa