Wakili wa Tatu wa Kaka Yangu

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Manyunyu yameanza asubuhi na hayajaacha, mabati yananipigia kelele, na mimi nina hasira mwezi mzima sasa. Kama umekuja hapa kutafuta maneno matamu, rudi kesho kutwa.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: naitwa Nekesa. Nasuka nywele kwenye kibanda changu, upande wa Kibera unaopakana na Ayany. Kaka yangu Barasa ni mwanajeshi, mwaka wa sita sasa. Jumanne anafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kosa la kukaidi amri ya kurudi kazini. Akipatikana na hatia anavuliwa sare na anafungwa. Hadi Jumatatu iliyopita hakuwa na wakili wa maana.

Wakili wa kwanza ana ofisi karibu na Ayany. Kazi yake ni mashamba na talaka. Alinisikiliza vizuri, akaandika jina la Barasa kwa mwandiko mzuri, mpaka nilipotamka mahakama ya kijeshi. Akafunika kalamu.

"Hiyo ni mambo ya jeshi wenyewe, madam. Mimi huko sijui hata mlango."

Wa pili anaishi Nyayo Highrise na ofisi yake ni sebule, runinga inaongea nyuma yake. Huyo alichukua kesi. Alikaa nayo siku tisa. Kisha jeshi likamwonyesha rekodi za simu: sajini wa Barasa alipiga namba ya Barasa, ikapokelewa, mazungumzo yakachukua dakika mbili. Barasa ameapa tangu mwanzo kwamba hakupigiwa simu na mtu yeyote.

"Siwezi simama mbele ya maofisa nikitetea mtu ananidanganya," akaniambia.

Nilimpa vidonge vyake pale pale kwenye ngazi, majirani wakatoka kusikiliza. Nilimwita mwoga. Nilimwambia kaka yangu hajawahi kusema uongo tangu azaliwe. Nikarudi kibandani nikasuka kwa nguvu hadi mteja akaniuliza kama amenikosea.

Kuna pia afisa kijana ambaye jeshi lenyewe limempa Barasa amtetee. Ushauri wake ni mmoja tu, akubali kosa ili mambo yaishe haraka. Yaishe kwa nani?

Kwa Bi Mwende, wakili wa tatu, nilielekezwa na mteja wangu anayefanya usafi mahakamani. Ofisi yake iko Kawangware, kule Gatina, ghorofa ya pili juu ya duka la vyombo. Aliwahi kuvaa sare mwenyewe kabla ya kuwa wakili wa raia, kwa hiyo neno jeshi halimtoi jasho. Alikubali kesi Jumatatu. Lakini alisema anahitaji shahidi, mtu wa kueleza kwa nini Barasa hakurudi siku aliyotakiwa.

Sababu ni matanga ya baba.

Barasa alipewa ruhusa ya siku saba. Maziko yakasogezwa mbele tukimsubiri shangazi, na kikao cha kunyoa kikaangukia baada ya ruhusa kuisha. Kwetu, siku ya tatu baada ya maziko, familia hunyolewa na mali ya marehemu huzungumziwa, na kifungua mimba hawezi kuondoka kabla ya hapo. Barasa akamtumia sajini ujumbe kuomba siku nne zaidi. Akaniambia, "Akipiga ujue amekataa, naondoka saa hiyo hiyo. Akinyamaza, amekubali." Ndivyo walivyozoeana na sajini wake. Siku nne zilipoisha alipanda basi mwenyewe, akajipeleka kambini, wakamshika langoni.

Kwa hiyo leo asubuhi, kabla ya kwenda kwa Bi Mwende, nilipitia kwa Baba Mdogo Wafula. Anatengeneza vitanda huko huko Kawangware. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu wote akasema kifungua mimba haendi popote kabla ya kunyoa. Nilitaka akaseme maneno hayo hayo mbele ya wakili, basi.

Alinitazama kama nimemletea ugonjwa.

"Mimi na jeshi? Wachana na mimi kabisa. Mambo ya serikali ni ya serikali."

Nikamwambia hana haya. Nikamwambia wakati wa kugawa shamba la marehemu sauti alikuwa nayo. Akaweka randa chini, akaongea kwa sauti ili mafundi wake wote wasikie.

"Na si ni wewe ulikuwa unazunguka na simu yake pale nyumbani? Si uende ukajiandikishe shahidi wewe?"

Nilitoka bila kuaga. Nilitembea hadi Gatina nikimtukana njia nzima kimoyomoyo. Nimemtukana sana. Lakini hakusema uongo.

Sasa niseme.

Nyumbani kijijini hakuna stima. Simu zote nilikuwa nazikusanya mimi na kuzipeleka sokoni kuchajiwa, ya Barasa pia. Siku moja kabla ya kikao ikalia mkononi mwangu, niko peke yangu njiani. Nikapokea. Sajini alikuwa na adabu, hata pole ya msiba alinipa. Akasema, mwambie ombi limekataliwa, kesho saa mbili asubuhi aripoti. Nikasema sawa afande, nitamwambia.

Nikaifuta ile simu kwenye orodha. Nikafika nyumbani. Barasa akauliza, "Kuna mtu amepiga?" Nikamjibu hakuna, macho makavu.

Nilijua ninachofanya. Baba Mdogo alikuwa ameshaanza kutembea shambani akihesabu hatua, na mama asingefungua kinywa mbele ya shemeji zake. Bila Barasa kwenye kile kikao, mpaka wa shamba lake na letu ungesogea hadi mlangoni kwa mama. Barasa akakaa, akaongea, na mpaka uko pale pale ulipokuwa. Mama ana shamba lake. Nilidhani jeshi litamkemea tu, atachimba mitaro wiki moja, tutacheka Desemba.

Mimi ndiye niliyemwita wakili mwoga kwenye ngazi zake mwenyewe.

Kwa Bi Mwende nilifika nimeloa. Hakunipa pole ya mvua. Alikuwa kambini jana kumwona Barasa.

"Nimemwuliza mara tatu hiyo simu ilikuwa na nani," akasema. "Mara ya tatu ameniambia niwachane na hilo swali, afadhali afungwe. Nekesa, shtaka ni kukaidi amri. Kama amri haikumfikia, hakuna kitu amekaidi. Huyo mtu ndiye kesi yote. Unamjua?"

Nikasema simjui.

Nilisema hivyo. Leo, saa tano asubuhi, kwa mtu pekee Nairobi hii aliyekubali kumtetea. Alifunga faili. Akasema ofisi inafunguliwa Jumatatu saa mbili, na baada ya hapo hatakuwa na la kuwaambia wale maofisa.

Jumatano Barasa aliruhusiwa kupiga simu. Hakuuliza habari za wakili. Aliuliza kama mama ameshapanda maharagwe kule kando ya mpaka. Nikasema ameshapanda. Akasema, "Basi iko sawa, dadangu." Nilidhani ana mawazo tu. Kumbe alikuwa anajua, na alikuwa ananiambia anajua.

Najichukia. Sitalipamba hilo. Nimewachukia mawakili wawili, afisa mmoja na baba mdogo kwa mwezi mzima ili nisifike kwangu.

Bi Mwende atanikaripia kwa kuyaandika haya hapa kabla ya kumwambia yeye. Anikaripie. Najijua, kufikia kesho jioni nitakuwa nimepata sababu nzuri ya kunyamaza, na nikishaichapisha hii siwezi kurudi nyuma. Baba Mdogo, binti yako husoma blogu hii. Mwambie akusomee mpaka mwisho.

Sijui watanifanya nini. Sijui mama atanitazama vipi. Kibanda hakitafunguliwa Jumatatu, walioniwekea nafasi wanisamehe.

Saa mbili asubuhi, kama sajini alivyoagiza. Naripoti mimi.